Kuhama Nchi kwa Kadi ya Mkazi wa Muda Mrefu: Haki, Masharti na Mitego Ulaya

Basi linalotoka Sevilla, Uhispania, kwenda Faro, Ureno, huvuka daraja la mto Guadiana na kuendelea na safari. Kwa kawaida hakuna kizuizi wala foleni ya pasipoti, na abiria aliyesinzia huenda asijue kwamba ameshabadilisha nchi. Raia wa Uhispania akishuka Faro anaweza kutafuta nyumba leo na kuanza kazi kesho. Abiria wa kiti cha pili, Mkongomani au Mkenya aliyeishi Sevilla miaka mingi, amelipa nauli ile ile, lakini sheria inayomsubiri Faro ni nyingine.

Kijitabu hiki kinamhusu abiria huyo wa pili. Haki ya kuhamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayo, na imeandikwa katika sheria. Ila ni haki ya kuomba: ina tarehe zake, nyaraka zake na kipindi chake cha kusubiri. Mwenye kuifuata hatua kwa hatua hufika. Anayeichukulia kana kwamba ni uhuru wa raia anaweza kujikuta ameajiriwa bila kibali, au ameipoteza hadhi aliyoihangaikia kwa miaka.

Haki hii ilikotoka

Oktoba 1999, viongozi wa Umoja wa Ulaya walikutana Tampere, Finland, wakakubaliana kwamba mgeni aliyeishi kihalali kwa miaka mingi katika nchi mwanachama apewe haki zinazokaribia zile za raia. Makubaliano hayo yalizaa agizo namba 2003/109, lililopitishwa tarehe 25 Novemba 2003. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 23 Januari 2006 kuliingiza katika sheria zao. Wakimbizi na wengine waliopewa hifadhi ya kimataifa waliachwa nje mwanzoni. Waliingizwa na agizo namba 2011/51, ambalo nchi zilitakiwa kulitekeleza kufikia Mei 2013.

Agizo hilo lina mambo mawili makubwa. La kwanza ni namna mgeni anavyopata hadhi ya mkazi wa muda mrefu katika nchi anayoishi. La pili ni namna mwenye hadhi hiyo anavyoweza kuhamia nchi ya pili na kukaa zaidi ya miezi 3 ili kuajiriwa, kufanya biashara yake, kusoma au kujifunza ufundi, au kwa sababu nyingine, kwa mfano mstaafu anayetaka kuishi kwa pensheni yake.

Nani anastahili

Sharti kuu ni miaka 5 ya kuishi kihalali na mfululizo katika nchi moja, ikihesabiwa hadi siku ya kuomba. Safari za nyumbani hazikatishi hesabu mradi kila moja iwe chini ya miezi 6, na zote kwa pamoja zisizidi miezi 10 katika miaka hiyo 5. Anayekwenda Bujumbura kuuguza mzazi akakaa miezi 7 amekatisha hesabu yake, isipokuwa kama nchi anayoishi ina kanuni ya kusamehe dharura za namna hiyo.

Muda wa masomo huhesabiwa nusu. Aliyekaa Uholanzi miaka 4 kwa kibali cha mwanafunzi, kisha akapata kazi na kibali kipya, ana miaka 2 mkononi na anadaiwa 3. Vibarua wa msimu na vijana wanaokuja kulea watoto na kujifunza lugha hawahesabiwi kwa muda wanaokaa kwa vibali hivyo.

Kwa mkimbizi hesabu ina upekee wake. Muda aliosubiri kati ya siku ya kuomba hifadhi na siku ya kupewa kibali huhesabiwa angalau nusu. Kungoja huko kukizidi miezi 18, muda wote huhesabiwa. Kwa familia za Kikongo na Kiburundi zilizokaa makambini na katika nyumba za waombaji hifadhi, kifungu hiki peke yake kinaweza kuwasogeza mbele kwa zaidi ya mwaka.

Baada ya miaka huja pesa. Mwombaji athibitishe kwamba ana kipato cha kudumu kinachomtosha yeye na wanaomtegemea bila msaada wa ustawi wa jamii, na kwamba ana bima ya afya. Kipato hicho si lazima kiwe mshahara wake mwenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya raia wa Kameruni aliyeishi Ubelgiji na kutegemea fedha za kaka yake. Mahakama ilisema kinachopimwa ni kama fedha hizo ni za kudumu na za kutosha, hata kama zinatoka kwa mtu mwingine.

Nchi nyingi huongeza sharti la lugha. Italia hudai Kiitaliano cha kiwango cha A2, Ujerumani Kijerumani cha B1. Ombi likishapokelewa na nyaraka zake, ofisi inatakiwa kutoa jibu ndani ya miezi 6.

Kwa nini mtu asichukue uraia tu, akamaliza? Kwa Mkenya swali hilo ni jepesi, kwa kuwa Katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akijipatia uraia wa nchi nyingine hupoteza ule wa Tanzania, na Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hairuhusu Mkongomani kuwa na uraia mwingine pamoja na wake. Ujerumani ilifungua mlango wa uraia pacha tarehe 27 Juni 2024, lakini hilo haliwasaidii wale ambao kikwazo chao kiko nyumbani. Kwao kadi ya mkazi wa muda mrefu ndiyo hadhi ya juu kabisa wanayoweza kuwa nayo Ulaya huku wakibaki Watanzania au Wakongomani.

Soma maandishi ya kadi

Huu ndio mtego wa kwanza. Karibu kila nchi hutoa aina mbili za ukaazi wa kudumu: ule wa sheria ya nchi yenyewe, na ule wa Umoja wa Ulaya. Kadi zinafanana, na ndani ya nchi zote mbili zinamwezesha mtu kuishi na kufanya kazi. Tofauti hujitokeza siku mwenyewe anapotaka kuhama, kwa sababu haki ya kuomba nchi ya pili kwa agizo la 2003 ni ya kadi ya Umoja peke yake.

Ujerumani, kadi inayohamisha imeandikwa Daueraufenthalt-EU. Ile ya Niederlassungserlaubnis ni ya Ujerumani tu. Ufaransa, mtu atafute maneno longue durée-UE, si carte de résident ya kawaida, ijapokuwa zote hudumu miaka 10. Uhispania hutoa larga duración na larga duración-UE, na herufi hizo mbili za mwisho ndizo zenye uzito. Italia huandika UE per soggiornanti di lungo periodo, kadi ambayo wahamiaji wengi bado wanaiita kwa jina la zamani, carta di soggiorno. Uholanzi huandika EU-langdurig ingezetene. Uswidi, aliye na ukaazi wa kudumu wa kawaida anatakiwa kuomba hadhi ya varaktigt bosatt kabla ya kufikiria kuhama.

Mwenye kadi ya taifa aliyetimiza miaka 5 anaweza kuomba ile ya Umoja. Ni busara kuifanya kazi hiyo akiwa bado ana ajira na mapato yasiyotetereka, kuliko kungoja hadi mwajiri wa nchi nyingine ampe wiki tatu za kuripoti kazini.

Kadi ya Umoja huwa hai kwa angalau miaka 5, kisha hubadilishwa kwa nyingine. Ikumbukwe kwamba kinachoisha ni plastiki. Hadhi yenyewe ni ya kudumu na haifutiki kwa sababu tu mtu amechelewa kubadilisha kadi.

Mipaka ya ramani

Umoja wa Ulaya una nchi wanachama 27. Agizo la ukaazi wa muda mrefu linazifunga 25. Denmark na Ireland hazimo. Uingereza haikuwahi kuwamo hata ilipokuwa mwanachama, na kadi ya Ujerumani au Ubelgiji haimwondolei Mtanzania wajibu wa kuomba viza ya kwenda London.

Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein huwachanganya wengi. Ziko ndani ya eneo la Schengen, kwa hiyo mwenye kadi anaweza kuzitembelea, lakini si wanachama wa Umoja na agizo hili haliko katika sheria zao. Muuguzi wa Kikenya mwenye kadi ya Italia anayetaka kazi Zürich ataomba kibali cha Uswisi kama mgeni yeyote aliyetoka Nairobi.

Kutembea na kuhamia

Kibali halali cha ukaazi kilichotolewa na nchi ya Schengen, pamoja na pasipoti iliyo hai, humruhusu mtu kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Anaweza kwenda harusini Antwerpen, kumzuru dada Paris, au kufanya usaili wa kazi Vienna. Hawezi kuajiriwa.

Baadhi ya waajiri hawaijui tofauti hiyo, au wanaijua na kuifumbia macho. Mtu anafika Ujerumani na kadi ya Italia, anaambiwa aanze kazi ghalani Jumatatu na makaratasi yatafuata. Kisheria, ruhusa ya kufanya kazi katika nchi ya pili huanza kibali cha nchi hiyo kinapotolewa. Kabla ya hapo, ajira hiyo si halali hata kama mshahara unakatwa kodi, na inaweza kulitia doa ombi lenyewe.

Jambo jingine tofauti ni la mfanyakazi anayetumwa na kampuni yake. Fundi anayefanya kazi kihalali na kampuni ya ujenzi ya Ureno anaweza kupelekwa na kampuni hiyo kwenye mradi wa Ufaransa, akabaki mwajiriwa wa Ureno na kurudi kazi ikiisha. Huo si uhamiaji, na miezi aliyokaa Ufaransa haimjengei ukaazi huko.

Hatua za kuomba nchi ya pili

Chukua mfano wa muuguzi kutoka Mombasa aliyeishi Bergamo, Italia, kwa miaka 9 na kupata kadi ya Umoja. Hospitali ya Stuttgart inamtaka. Haanzi ubalozini, kwa sababu kadi yake inamruhusu kuingia Ujerumani bila viza na kuomba kibali akiwa huko huko. Anachotakiwa ni kuomba mapema, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3 tangu kuingia. Nchi nyingine hukubali ombi liwasilishwe mtu akiwa bado anaishi nchi ya kwanza, na inapowezekana njia hiyo ina nafuu: anaendelea kulipwa huku anasubiri.

Mpaka wa ndani ya Schengen mara nyingi haugongi muhuri. Basi tarehe ya kuingia huthibitishwa kwa tiketi ya ndege, basi au treni, mkataba wa nyumba, na hati ya kujiandikisha. Ujerumani, anayehamia makazi mapya hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2. Tiketi ya kuingilia nchini itunzwe pamoja na pasipoti.

Nyaraka za msingi ni hizi: pasipoti hai, kadi ya Umoja, mkataba wa ajira au barua ya mwajiri, uthibitisho wa kipato kinachotosha bila msaada wa serikali, na bima ya afya. Nchi inaweza pia kudai uthibitisho wa makazi. Anayekwenda kusoma hupeleka barua ya chuo. Anayekwenda kufanya biashara huonyesha mtaji na leseni zinazohitajika. Vyeti vya ndoa na kuzaliwa vinavyotoka Afrika Mashariki huhitaji kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na kazi hiyo ifanywe kabla ya safari.

Sharti la utangamano, yaani mafunzo au mtihani wa kuijua jamii, haliwezi kudaiwa mara ya pili kwa mtu aliyekwisha kulitimiza ili kupata hadhi ya kwanza. Nchi ya pili inaweza hata hivyo kumtaka ahudhurie masomo ya lugha.

Ofisi ya nchi ya pili ina miezi 4 ya kuamua. Nyaraka zikipungua au suala likiwa na utata usio wa kawaida, inaweza kujiongezea miezi 3. Mwombaji aweke akiba ya kumtosha kwa muda huo wote bila kufanya kazi. Aliyeacha ajira Bergamo kwa matumaini ya kuanza Stuttgart wiki ijayo atalipa kodi ya nyumba miezi kadhaa bila mshahara.

Agizo pia linaruhusu nchi ya pili kutazama kwanza soko lake la ajira na kumpa nafasi raia wake au raia wa nchi nyingine wanachama. Ujerumani, kibali hiki kiko katika kifungu cha 38a cha sheria ya ukaazi, na kwa miezi 12 ya mwanzo kazi huhitaji idhini ya Shirika la Taifa la Ajira. Baada ya mwaka, mtu yuko huru kubadilisha kazi. Austria ina kiwango cha idadi ya vibali kwa mwaka kwa wanaohamia kutoka nchi nyingine wanachama. Kiwango kikijaa, hata mwenye kila karatasi husubiri mwaka mwingine.

Masharti kama haya ndiyo yanayoifanya haki hii itumiwe na wachache. Tume ya Ulaya yenyewe, ilipopendekeza marekebisho ya agizo hili Aprili 2022, ilitaja vikwazo vya kuhama kuwa miongoni mwa sababu.

Mke, mume na watoto

Familia iliyokwisha kuwa pamoja katika nchi ya kwanza ina haki ya kuhama pamoja. Agizo linawataja mke au mume na watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Nao huomba ndani ya miezi 3, wakiwa na vibali vyao vya nchi ya kwanza, pasipoti, bima, na ushahidi kwamba waliishi na mwenye kadi kama familia. Hati ya wakazi wa nyumba moja, inayotolewa na manispaa, hufaa kwa kazi hiyo.

Mwenzi aliyeoana na mwenye kadi baada ya kuhama, au aliyekuwa bado Dar es Salaam au Goma, haingii katika njia hii. Yeye huja kwa sheria ya kuunganisha familia, ambayo ina masharti yake ya nyumba, kipato na wakati mwingine lugha.

Mama, baba, na mpwa aliyelelewa nyumbani hawamo katika orodha ya lazima. Nchi ya pili inaweza kuwakubali ikipenda. Kwa familia za Afrika Mashariki, ambako mtoto wa marehemu dada ni mtoto wa nyumbani kama wengine, ni lazima amri ya mahakama ya malezi au ya kuasili iwe imepatikana mapema. Maelezo ya mdomo hayatoshi mbele ya afisa.

Pensheni, leseni na vyeti

Miaka ya kuchangia hifadhi ya jamii haipotei mtu anapohama. Kanuni ya Umoja namba 1231 ya mwaka 2010 iliwapa raia wa nchi za nje wanaoishi kihalali kinga ile ile ya raia: aliyechangia miaka 9 Italia na 12 Ujerumani atahesabiwa 21 anapotafuta haki ya pensheni, na kila nchi italipa sehemu yake. Kati ya nchi wanachama za sasa, Denmark pekee haikujiunga na kanuni hiyo. Hati za mishahara za nchi ya kwanza zitunzwe hadi uzeeni.

Leseni ya udereva iliyopatikana kwa mtihani ndani ya Umoja hutambuliwa katika nchi zote wanachama. Ile iliyobadilishwa kutokana na leseni ya nchi ya nje huandikwa msimbo 70, na nchi ya pili hailazimiki kuitambua dereva anapohamishia makazi yake huko. Dereva wa lori au wa teksi aitazame leseni yake kabla ya kusaini mkataba.

Vyeti vya taaluma navyo vina safari yao. Mwenye kadi hutendewa sawa na raia katika kutambuliwa vyeti, lakini kutambuliwa kwenyewe hakuji bila kuombwa. Muuguzi, mwalimu na fundi umeme wa majengo hufanyiwa uhakiki na mamlaka za taaluma zao, na ombi hilo linaweza kuanza miezi mingi kabla ya kuhama.

Namna hadhi inavyopotea

Kuhamia nchi ya pili hakuifuti hadhi ya nchi ya kwanza siku hiyo hiyo. Kuna muda ambapo mtu ana vyote viwili: kadi ya Umoja iliyotolewa na Italia na kibali cha kawaida kilichotolewa na Ujerumani. Hadhi ya Italia hukoma akipewa hadhi ya mkazi wa muda mrefu Ujerumani, jambo linaloweza kuombwa baada ya miaka 5 huko, au akikaa nje ya Italia kwa miaka 6. Kati ya miaka 5 na 6 kuna mwaka mmoja wa kuomba. Asipoomba katika kipindi hicho, anaweza kubaki na kibali cha kawaida tu, asiwe na pa kurudi.

Kabla hajapata hadhi hiyo Ujerumani, kibali chake cha huko kinaweza kuondolewa iwapo masharti yake yametoweka, kwa mfano ajira imekwisha na kipato hakipo. Hapo nchi ya kwanza inawajibika kumpokea mkazi wake na familia yake mara moja, bila kuwaanzishia taratibu mpya.

Hatari kubwa zaidi ni kukaa nje ya Umoja wenyewe. Miezi 12 mfululizo nje ya ardhi ya Umoja huifuta hadhi, isipokuwa pale nchi inapokubali sababu maalumu. Nje ya Umoja si Mwanza, Lubumbashi au Muscat tu. Mwaka mzima wa kazi London, Oslo au Zürich nao ni mwaka wa nje.

Kesi ya Vienna ilileta nafuu hapa. Raia wa Kazakhstan mwenye hadhi hiyo Austria alikuwa akiingia Umoja kwa siku chache tu kila mwaka, kwa takribani miaka 5. Mamlaka za Vienna zilikataa kumpa kadi mpya, zikisema kufika kwa siku chache si kuishi. Tarehe 20 Januari 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuwepo ndani ya Umoja hata kwa siku chache katika miezi hiyo 12 kunatosha kuzuia kupotea kwa hadhi. Mfanyabiashara anayesimamia duka lake Kampala huku familia yake ikiwa Lyon anaweza kuutegemea uamuzi huo, mradi atunze ushahidi wa kila safari.

Udanganyifu katika kuipata hadhi huifuta pia, hata ukigunduliwa miaka mingi baadaye. Mkataba wa kazi wa kununua na anwani ya kukodi kwa ajili ya karatasi ni madeni yanayosubiri siku ya kudaiwa.

Ombi likikataliwa, au ada ikizidi

Ofisi ya nchi ya pili inaweza kukataa kwa sababu za usalama na amani ya umma, kwa ugonjwa unaohatarisha jamii, au kwa upungufu wa masharti. Haiwezi kukataa kimya. Kukataliwa lazima kuandikwe, kuwe na sababu, na kueleze ni wapi na kwa muda gani mwombaji anaweza kukata rufaa. Barua hiyo isiwekwe kando hata siku moja, kwa kuwa muda wa rufaa katika nchi nyingi ni mfupi.

Kudai haki mahakamani kumeshawahi kuzaa matunda. Uholanzi iliwahi kutoza waombaji wa hadhi hii na jamaa zao ada ya kati ya euro 188 na 830, wakati kitambulisho cha raia kiligharimu takribani euro 30. Mwaka 2012 mahakama ile ile ya Ulaya ilisema ada hizo ni kubwa kiasi cha kuizuia haki yenyewe. Miaka mitatu baadaye, vyama vya wafanyakazi vya Italia vilishinda kesi kama hiyo dhidi ya tozo ya euro 80 hadi 200. Mwaka 2012 pia, raia wa Albania aliyeishi Bolzano na kunyimwa ruzuku ya nyumba kwa sababu fungu lililotengewa wageni lilikuwa limekwisha alisaidiwa na hukumu iliyosisitiza kwamba mkazi wa muda mrefu hutendewa sawa na raia katika misaada ya msingi.

Wenye Kadi ya Bluu

Wataalamu wenye Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya wana njia fupi zaidi. Kwa agizo namba 2021/1883, ambalo nchi zilitakiwa kulitekeleza kufikia tarehe 18 Novemba 2023, mwenye kadi hiyo anaweza kuhamia nchi ya pili kikazi baada ya miezi 12 tu. Akifikia kuomba ukaazi wa muda mrefu, miaka aliyoishi katika nchi tofauti hujumlishwa, mradi 2 ya mwisho iwe katika nchi anakoombea. Anaruhusiwa pia kukaa nje ya Umoja hadi miezi 24 bila kupoteza hadhi hiyo.

Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin Septemba 2024. Wanaofika kwa njia hiyo kama wafanyakazi wa kawaida hawatatimiza miaka 5 kabla ya Septemba 2029, lakini hesabu yao ya siku za nje imekwisha kuanza.

Pa kuuliza

Msaada wa bure upo. Ujerumani kuna vituo vya ushauri kwa wahamiaji watu wazima, vinavyoendeshwa na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO. Italia, ofisi za patronato zilizo chini ya vyama vya wafanyakazi hujaza maombi ya vibali kila siku. Wakala wa mtandaoni anayeahidi kibali cha nchi ya pili kwa siku kumi na kutaka alipwe kwanza hana mamlaka yoyote. Anayeamua ni ofisi ya uhamiaji, na sheria imempa afisa wake miezi 4.

Kabla ya kuaga na kufungasha, mwenye kadi ajibu maswali haya kwa maandishi. Je, kadi imeandikwa maneno ya Umoja wa Ulaya? Nchi ninayokwenda imo kati ya zile 25? Mkataba wa kazi na bima viko mkononi? Nina akiba ya miezi 7? Pasipoti itakuwa hai hadi jibu litoke? Jibu moja likiwa hapana, safari isogezwe mbele hadi jambo hilo litengenezwe.